Tazama Mkia Kwanza: Namna ya kuwatambua ndege wawindaji wanaofanana msimu wa wageni



Kuanzia Septemba hadi Desemba anga la Ufipa hujaa ndege wenye midomo iliyopinda na kucha kali. Wengine ni wenyeji wa hapa mwaka mzima. Wengine ni wageni waliotoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi. Wakiwa juu, wote huonekana sawa: rangi ya kahawia, mabawa mapana, wanazunguka bila kupiga mabawa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi wote huitwa "mwewe", na kifaranga mmoja akipotea wote huhukumiwa pamoja.

Kosa hilo lina gharama. Mfugaji asiyemjua mwizi wake hulinda mahali pasipohitaji ulinzi, na vifaranga huendelea kupotea. Mwingine huweka sumu kwenye nyama, akaua mbwa wake na ndege waliokuwa wanamsaidia, huku mwizi mwenyewe akiendelea na kazi.

Kipeperushi hiki kinakueleza mambo matatu: namna ya kuwatofautisha ndege hawa, namna ya kusoma alama za hasara, na namna ya kulinda vifaranga na watoto wa mbuzi bila sumu. Kisome pamoja na familia, hasa watoto wanaochunga. Wao ndio wanaokaa na anga siku nzima.

KWA NINI WANAKUJA WAKATI HUU

Huko kaskazini, baridi ikianza, panzi, panya na mijusi hawaonekani tena. Ndege wanaowategemea huondoka kwenda kusini. Ndege mzito hapendi kuvuka bahari kubwa, kwa sababu hupaa kwa kutumia hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo wengi hupita njia za nchi kavu. Mjini Batumi, nchini Georgia, zaidi ya ndege wawindaji milioni moja huhesabiwa wakipita katika msimu mmoja. Wengi wao huendelea kupitia Mashariki ya Kati hadi Afrika.

Kwetu wanakuta mambo mawili wanayoyapenda. La kwanza ni ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaoshuka kutoka uwanda wa juu hadi Bonde la Rukwa. Upepo unaogonga ukingo huo hupanda juu na kuwabeba. La pili ni chakula: panzi na panya waliobaki bila maficho baada ya nyasi kuungua, kisha kumbikumbi mvua za kwanza zinaponyesha mwezi Novemba.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Rangi hudanganya. Ndege mchanga huwa na rangi tofauti na mzazi wake, na jua likiwa nyuma yake kila ndege ni mweusi. Fuata mpangilio huu:

1. Mkia. Una panda kama mkia wa samaki? Umekatwa wima kama ubao? Umefunguka kama kipepeo cha mkono?
2. Mabawa. Ni mapana au membamba? Anapoelea, ameyanyoosha sawasawa au ameyainua kama herufi V?
3. Mruko. Anazunguka juu sana, anapita chini karibu na nyasi, au anasimama hewani mahali pamoja huku akipigapiga mabawa?
4. Mahali. Yuko juu ya nyumba, mbugani, kwenye nguzo, au anatokea ndani ya miti?

Rangi iangalie mwisho, ili kuthibitisha.

WANAOFANANA NA TOFAUTI ZAO

Mwewe wa mdomo wa njano na mwewe wa mdomo mweusi

Huyu wa mdomo wa njano ndiye anayejulikana zaidi nyumbani. Mkia wake una panda, na anaporuka huupindapinda kushoto na kulia kama usukani. Mabawa yake ni marefu na yamekunjika kidogo katikati. Huzaliana mwishoni mwa kiangazi, na makinda yake yanapohitaji chakula ndipo anapotembelea zaidi nyua za watu. Kati ya ndege wote wa kipeperushi hiki, huyu ndiye mwizi mkuu wa vifaranga wadogo.

Ndugu yake wa mdomo mweusi ni mgeni wa kuanzia Oktoba. Kichwa chake kina rangi ya kijivu iliyofifia. Mara nyingi huja kwa makundi na kufuata moto wa nyasi, panzi na majalala. Kumbuka kwamba kinda la mwewe wa mdomo wa njano nalo lina mdomo mweusi, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi kumtambua mgeni.

Angalizo: mwewe akiutandaza mkia wake wote, panda hupotea. Subiri aukunje, utaiona.

Mwewe na kipanga mgeni wa kahawia

Huyu mgeni hupita Ufipa hasa Oktoba na Novemba, wakati mwingine makundi kwa makundi wakizunguka juu sana. Ni mfupi na mnene kuliko mwewe. Mkia wake ni wa duara, umefunguka kama kipepeo, hauna panda na haupindipindi. Akiwa juu, mabawa huyainua kidogo. Aliyekomaa huwa na utepe mweupe uliofifia kifuani. Chakula chake ni panya, mijusi na wadudu. Ukimwona ametulia juu ya nguzo au kichuguu akitazama chini, anamsubiri panya.

Kipanga mgeni na kipanga mkia-mwekundu

Kipanga mkia-mwekundu ni mwenyeji wa nyanda za juu. Hukaa kwa jozi, mwaka mzima, mahali pale pale. Mgongo wake ni mweusi, tumbo na chini ya mabawa ni meupe, na mkia ni mfupi wenye rangi ya kutu. Wapo wenye tumbo jeusi kabisa, lakini mkia hubaki mwekundu. Mgeni naye anaweza kuwa na mkia wenye wekundu kidogo. Basi tazama mgongo: mweusi ni mwenyeji, kahawia ni mgeni.

Kipanga huyu mwenyeji hula panya, fuko na nyoka. Huenda akachukua kifaranga mara mojamoja, lakini jozi moja iliyo karibu na shamba la mahindi au ghala hukupunguzia panya msimu mzima. Usiwafukuze.

Tai mdogo wa kahawia

Huyu ndiye anayechanganywa zaidi na mwewe. Huhamahama ndani ya Afrika, na hufika kwetu kuzaliana karibu Agosti au Septemba. Wote wawili ni wa kahawia na hawapishani sana kwa ukubwa. Tofauti yao ni mkia: wa tai huyu ni mrefu, mwembamba, umekatwa wima kama ubao. Mabawa yake huyanyoosha sawasawa bila kuyakunja, hivyo akiwa juu huonekana kama mbao mbili zilizopigiliwa msalaba. Akiwa ametua utaona kishungi kidogo kisogoni. Huwinda mijusi, ndege na wanyama wadogo, na kuku mdogo anaweza kuwamo.

Kipanga wa mbugani

Utamwona akipita chini sana juu ya nyasi, kama anatafuta kitu kilichodondoka. Ni mwembamba, mwenye mkia mrefu, na mabawa huyainua kama V iliyo wazi. Dume ni wa kijivu mpauko. Jike ni kahawia, na ana alama nyeupe juu ya shina la mkia. Wapo wa aina zaidi ya moja, na majike yao hufanana hata kwa wataalamu, basi usijisumbue kuwatenganisha. Jambo la kujua ni hili: ndege mwenye uzito wa gramu 300 au 400, anayewinda panzi, panya na ndege wadogo wa nyikani, hana haja na ua wako. Mkubwa wao hukaa kwenye mabwawa na matete, hasa kandokando ya Ziwa Rukwa.

Kozi wadogo

Hawa ni wa ukubwa wa njiwa, wenye mabawa yaliyochongoka kama mundu. Huja kwa makundi makubwa, hasa baada ya mvua za kwanza, na hula kumbikumbi na panzi wakiwa angani. Mmoja wao ana miguu yenye rangi ya machungwa au nyekundu na uzito wa gramu 150 hivi. Ametoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, akapita India, akavuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki. Huko Nagaland, India, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Mwaka 2012 habari hizo zilienea, na kufikia msimu wa 2013 wanakijiji wenyewe walikuwa wameacha.

Ndege huyu hawezi kubeba kifaranga wa mwezi mmoja. Mwache ale kumbikumbi.

Kozi wa msituni

Huyu huonekana kwa nadra kwa sababu hakai juu angani. Mabawa yake ni mafupi ya duara, mkia ni mrefu wenye mistari. Hujificha ndani ya miti, kisha hutoka ghafla, huchukua na kurudi mitini kabla hujasimama. Wakubwa wa jamii hii huweza kuchukua hata kuku aliyekwisha kua. Kama nyumba yako iko karibu na msitu au shamba la mikaratusi na kuku wanapotea mchana bila mwewe kuonekana, mfikirie huyu. Mara nyingi mwewe anayezunguka juu hulaumiwa kwa kazi ya huyu aliyejificha.

Tai wakubwa

Hapa tofautisha watatu.

Tai mgeni wa nyika hufika karibu Novemba. Ni kahawia iliyokoza, mabawa yakitandazwa hufikia karibu mita 2. Mchanga wake ana utepe mweupe chini ya mabawa. Japokuwa mkubwa, huku kwetu hula sana kumbikumbi, panya na mizoga. Utamwona akitembea chini kama kuku, akiokota mchwa.

Tai mwenyeji wa rangi ya mchanga anafanana naye sana. Wakiwa wametua karibu, tazama mstari wa njano wa pembe ya mdomo: wa mgeni hufika hadi nyuma ya jicho, wa mwenyeji huishia katikati ya jicho. Mwenyeji huyu hupenda mizoga na kunyang'anya wengine chakula.

Tai mkubwa wa madoa ana kichwa na kifua cheusi-kahawia, tumbo jeupe lenye madoa. Uzito wake ni kilo 3 hadi 6. Kati ya hawa watatu, huyu ndiye mwenye nguvu za kutosha kuua mtoto wa mbuzi au mwanakondoo. Ni wachache, na kila jozi hutawala eneo kubwa sana.

Mwewe hafikii kilo 1, na mtoto wa mbuzi wetu wa asili huzaliwa na kilo 2 hivi. Ukiambiwa mwewe amebeba mtoto wa mbuzi, uliza tena.

NANI AMECHUKUA? SOMA ALAMA

Kabla ya kumlaumu ndege, jibu maswali haya.

Ilikuwa saa ngapi? Mwewe, kipanga, kozi na tai huwinda mchana. Kuku aliyepotea usiku ameliwa na mwingine: kicheche, paka mwitu, fungo, au mtu.

Kuna nini kimebaki? Kifaranga aliyetoweka mchana uwanjani, bila unyoya wala damu, huenda amechukuliwa na mwewe, kunguru au nguchiro. Manyoya mengi yaliyonyonyolewa chini ya mti ni kazi ya kozi wa msituni. Kichwa kilichong'atwa na mzoga kuachwa, au kuku wengi kuuawa kwa mara moja, ni kazi ya mnyama.

Je, walipotea au walikufa? Vifaranga wengi wanaosingiziwa mwewe wameuawa na mdondo, baridi au njaa, na ndege akaja kuokota. Andika au weka alama ukutani: walioanguliwa wangapi, waliokufa kwa ugonjwa wangapi, waliochukuliwa ukiona wangapi. Baada ya miezi 3 hesabu itakuonyesha adui mkubwa ni yupi.

Kwa mtoto wa mbuzi au kondoo aliyekutwa na tai juu yake, kwanza hakikisha si kifo cha ghafla chenye damu inayotoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Hiyo yaweza kuwa kimeta. Usimguse, usimchune, usile nyama yake. Zuia watoto na mbwa, mwite mtaalamu wa mifugo. Kama hakuna dalili hizo, mtaalamu anaweza kukuonyesha alama hii: palipotobolewa na kucha wakati mnyama yu hai, chini ya ngozi hukutwa damu iliyoganda na michubuko. Kama alikuwa amekwisha kufa, nyama ya hapo huwa safi haina damu. Kwa njia hiyo utajua kama tai aliua au alikuta mzoga.

Na tai mzoga, wale wenye shingo zisizo na manyoya mengi? Hao si wawindaji. Miguu yao haikuumbwa kukamata. Wakizunguka mahali, wanakuonyesha kilichokwisha kufa. Mchungaji mwerevu huwafuata ili ajue kama ni mnyama wake.

KINGA INAYOFANYA KAZI

Kwa vifaranga:
• Wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, au wajengee banda dogo la fito na wavu, kwa wiki 6 za mwanzo. Wape chakula na maji humo humo. Wasogeze kila siku wapate majani mapya.
• Wakianza kutembea, wachunge zaidi asubuhi na alasiri, na wasitawanyike mbali mpaka wafikie ukubwa wa njiwa.
• Panda vichaka vifupi au acha majani ya kujificha karibu na banda. Uwanja mtupu uliofagiliwa kote humfaa mwewe.
• Funga kamba juu ya uwanja kutoka mti hadi mti, umbali wa hatua moja kati ya kamba na kamba, na uning'inize vipande vya mfuko. Ndege anayeshuka kwa kasi huogopa kugonga mabawa.
• Fukia matumbo na mabaki ya machinjo. Usipoyafukia, unamwalika mwewe kwako.
• Chanja kuku dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3. Chanjo hiyo ya matone ya jicho itaokoa kuku wengi kuliko kumfukuza mwewe.

Kwa watoto wa mbuzi na kondoo:
• Mbuzi aliye karibu kuzaa asiende malishoni mbali. Azalie karibu na nyumba.
• Waliozaliwa wakae kwenye zizi lao lenye kivuli na paa la matawi, hadi wawe na nguvu ya kufuata kundi.
• Mchungaji mmoja awe nyuma ya kundi, si wote mbele. Anayebaki nyuma akilala ndiye anayechukuliwa.

USITUMIE SUMU

Wapo wanaopaka dawa ya kuua wadudu wa mazao kwenye kipande cha nyama au mzoga. Sumu haichagui. Mwewe anayetaka kifaranga hai anaweza asiiguse kabisa. Wanaokula ni mbwa wako wa ulinzi, tai mzoga, tai wa rangi ya mchanga, na mtoto asiyejua. Mvua ikinyesha, sumu huteremka kwenye maji ya mifugo.

Mwezi Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, majangili waliweka sumu kwenye mizoga ya tembo. Tai mzoga 537 walikutwa wamekufa, pamoja na tai 2 wa rangi ya mchanga. Tai mzoga wakiisha, mizoga hubaki muda mrefu, na mbwa wa mitaani na fisi hupata chakula kingi zaidi karibu na maboma. Aina kadhaa za tai mzoga wa Afrika ziliwekwa mwaka 2015 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori bila kibali, na ndege hawa wamo.

Ukumbuke pia wageni hawa wanakula nini. Bonde la Ziwa Rukwa ni mojawapo ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu barani Afrika. Kwa sababu ya nzige hao, mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, na makao yake yakawekwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Mwaka 2009 walizaana tena kwa wingi katika Bonde la Rukwa, Katavi na Malagarasi, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likasaidia kunyunyizia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu. Ndege peke yao hawawezi kumaliza baa la nzige. Lakini kila panzi na kila panya anayeliwa na mgeni ni majani ya ng'ombe wako na mahindi ya ghalani kwako.

KUMBUKA

• Mkia wenye panda: mwewe. Linda vifaranga.
• Mkia wa ubao: tai mdogo wa kahawia. Angalia kuku wadogo.
• Mkia wa kipepeo: kipanga. Mla panya, mwache.
• Mabawa ya V chini ya nyasi: kipanga wa mbugani. Mwache.
• Mabawa ya mundu, kundi kubwa: kozi wadogo. Wala kumbikumbi, waache.
• Mabawa mafupi, mkia mrefu wa mistari, anatoka mitini: kozi wa msituni. Linda kuku wote.
• Tumbo jeupe la madoa, mkubwa sana: linda watoto wa mbuzi.

Ukiona mizoga ya ndege wengi mahali pamoja, usiiguse. Toa taarifa kwa afisa ugani wa mifugo wa kata yako au ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo. Ukipata shaka kuhusu ndege yeyote, eleza mkia wake kwanza, mtaalamu atakusaidia kwa urahisi zaidi.